Plasma ya Xavery

Mimi ni fundi wa kuchomelea, na kabla sijasema la mtu mwingine nitasema langu: nilimwonea wivu Xavery Modesti. Si ule wivu mdogo wa kutamani shati la mtu. Nilimwonea wivu hata kikohozi chake. Yeye akikohoa barabarani pale Bagara, watu waligeuka wakasema fundi huyo anapita. Mimi nikikohoa, waliniuliza kama nimepata dawa.

Tulianza pamoja, karakana moja, miwani moja ya kuchomelea tukipokezana. Mwaka wa themanini na moja ikaja nafasi ya kwenda kusoma Ulaya ya Mashariki kwa miaka miwili, nafasi moja tu. Tulifanya mtihani wote wawili. Mkono wangu ulikuwa mzuri kuliko wake, hata yeye alikubali, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, na mtihani ulikuwa wa karatasi. Likasomwa jina lake. Nilipiga makofi kama wengine, nikaenda nyumbani nikamgombeza mbwa.

Alipoondoka nilifungua kibanda changu Bagara, na kwa miaka miwili chuma chote cha Babati kilipita mikononi mwangu. Fremu za baiskeli, vitanda vya hospitali, bawaba za milango ya kanisa. Mke wangu Jovita, mama Ombeni, alikuwa akiniita fundi hata nyumbani. "Fundi, karibu chakula." Chakula chenyewe kilikuwa ugali wa mahindi ya njano ya msaada, lakini ukiitwa hivyo unakula.

Zaidi ya yote nilikuwa fundi wa plau. Miaka ile duka la ushirika lilikuwa na rafu na karani, basi. Sabuni tuliisikia harufu kwa wageni. Ulimi wa plau, kile kipande cha chuma kinachoingia ardhini kukata udongo, haukupatikana kwa kibali wala kwa undugu. Na udongo wa huku wenye changarawe unakula chuma kama mtu anavyokula muwa. Mkulima aliniletea ulimi umebaki nusu, nikamuungia kipande cha springi ya gari bovu, akaondoka anashukuru. Baada ya wiki mbili alirudi. Nilipenda walivyokuwa wakirudi.

Xavery akaja mwisho wa themanini na tatu. Nyumbani kwao Maisaka walimfanyia sherehe baada ya misa, tukanywa pombe ya mtama, naye akasimama kutusimulia. Nilikaa nyuma ili uso wangu usionekane. Nilisikiliza kila neno.

"Huko nilikokuwa kuna mashine ya plasma," alisema. "Wanapitisha gesi kwenye umeme ndani ya tundu dogo. Gesi yenyewe inageuka moto, mwembamba kama sindano, mkali kuliko moto wowote mliowahi kuuona. Halafu wanamimina unga wa chuma kigumu katika moto ule, unayeyuka, unatandikwa juu ya chuma laini. Chuma laini kinavikwa koti. Hakiliki upesi tena."

"Umekuja nayo hiyo mashine?" mzee mmoja akauliza.

"Hapana, mzee. Lakini koti naweza kulivika hata kwa mashine ya kawaida. Litakuwa zito kidogo, halitakuwa zuri kama la plasma, ila ni koti. Vijiti vyake ninavyo."

Alikuwa amebeba sanduku zima la vijiti vya chuma kigumu. Wengine waliotoka Ulaya walirudi na redio na saa, yeye alirudi na vijiti. Siku ile ile watu wakambatiza jina, Xavery Plasma, na jina likampendeza.

Ilikuwepo jenereta ya kuchomelea iliyoachwa na mkandarasi wa barabara, imeota majani. Mimi niliipita mara mia nikaiona mfu. Yeye aliifufua kwa mwezi mmoja, akaanza kuvika ndimi za plau. Nilikwenda kutazama, nikijifanya napita. Nikaona anavika upande wa chini tu, upande wa juu anauacha mtupu.

"Upande mmoja?" nikamwambia mbele ya wateja. "Unawabania vijiti hawa."

Akacheka. "Mtazame panya, ndugu yangu Konstantini. Jino lake ni gumu mbele, nyuma ni laini. La nyuma linalika, la mbele linabaki, ndiyo maana halihitaji kunolewa. Ukivika pande zote mbili ulimi utakuwa butu kama kisigino."

Wateja wakacheka, nami nikacheka, kile kicheko kinachouma mbavu. Alikuwa amesema kweli. Ulimi aliouvika ulilima msimu wote wa mwaka ule na ukabaki na makali. Kibandani kwangu walikuja wenye sufuria zilizotoboka. Siku moja nikamwona baba mkwe wangu, mzee Aniceti, ametembea kutoka Bonga na kitu kimefungwa kwenye gunia. Nilisimama kumpokea. "Shikamoo, baba," nikasema. "Marahaba, mwanangu," akasema, akapita na gunia lake kuelekea Maisaka. Najua umbo la ulimi wa plau hata ukiwa ndani ya gunia.

Na jioni ile Jovita, aliyekuwa mhudumu wa wodi ya wazazi, akasema wakati ananitilia mboga, "Fundi alikuja leo kutengeneza mlango wa wodi."

"Fundi gani? Mimi sikuja."

"Xavery, baba Ombeni. Fundi Xavery."

Kumbe nilikuwa nimerudi kuwa baba Ombeni, na ule ufundi ulikuwa umehamia Maisaka. Nilisukuma sahani. Halafu, kwa chuki tu, nikamuuliza kama huko hospitali wanalijua neno plasma.

"Tunalijua sana," alisema. "Damu ya mtu ukiiweka kwenye chupa ikatulia, ile nyekundu inakaa chini, juu yanabaki maji ya njano. Hayo maji ndiyo plasma. Lakini nadhani ya Xavery ni nyingine."

Ni nyingine, nami nilijua kuwa ni nyingine. Nilikuwa nimemsikia kwa masikio yangu akisema gesi, umeme, moto. Nataka hilo lieleweke, maana wapo watu waliosema baadaye kwamba Konstantini hakusoma, alichanganya. Sikuchanganya.

Kesho yake nilikwenda kilabuni. Sikusema uongo hata neno moja. Nilingoja mazungumzo yafike kwa Xavery, yalifika upesi kama kawaida, nikauliza, "Hivi ninyi mnajua plasma ni nini?" Hawakujua. "Basi muulizeni mke wangu, anafanya kazi hospitali. Ni maji ya damu ya mtu." Nikanywa, nikanyamaza. Mwaka ule ulikuwa wa njaa na hofu, na hakuna aliyekuwa hajasikia habari za mumiani, wale wanaosemwa kukamata watu na kuwanyonya damu. Sikulitaja neno hilo. Walilitaja wenyewe kabla sijamaliza kibuyu.

Lisemwalo lipo, walisema. Kwa nini ulimi wa Xavery hauliki? Kwa nini aproni yake ya ngozi ina madoa mekundu? Ilikuwa kutu. Kwa nini sanduku lake limeandikwa maandishi yasiyosomeka? Ndani ya wiki mbili hakuna mama aliyemruhusu mtoto kupita njia ile ya Maisaka. Xavery alizunguka nyumba kwa nyumba kueleza, na kila alipoeleza ilibidi aseme plasma, na kila aliposema plasma walizidi kurudi nyuma. Siku moja alipita mbele ya kibanda changu, mashavu yamebonyea. Akanisalimia. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kisha nikafurahi tena.

Oktoba ikaingia, mvua zikawa karibu, na wakulima wakaja kwangu na ndimi zao zilezile. Wanawake walikuwa wamekataa damu ya watu iingie shambani. "Tutolee hiyo damu," walisema. "Fundi, tusafishie." Fundi! Mzee Aniceti alikuwa wa kwanza.

Nikaufunga ulimi wake kwenye jiliwa la kubania chuma, nikachukua tupa yangu bora, nikalisugua lile koti. Tupa iliteleza. Nikaongeza nguvu, tupa ikalia, na nilipoitazama meno yake ndiyo yaliyosagika. Koti halikuwa na mkwaruzo. Nikaleta tupa ya pili, na tupa mwaka ule ilikuwa mali. Ikafa nayo. Nikajaribu jiwe la kunolea, nikalizungusha asubuhi nzima mpaka bega likavimba, nikapata mng'aro wa ukubwa wa ukucha. Nikainama kuitazama kazi yenyewe, na hapo ndipo wivu uliponiingia sawasawa. Mistari ya chuma ililala bega kwa bega, hakuna tundu, hakuna ufa, kila mstari umeegemea mwenzake. Mkono wake ulikuwa umenipita. Na nilikuwa peke yangu ninayelijua hilo.

Nilifanya nini? Nilichanganya masizi na mafuta machafu ya gari, nikapaka upande wa chini mpaka mistari ikapotea, nikamrudishia mzee Aniceti. "Nimeitoa, baba," nikasema. "Nimeuimarisha kwa njia yangu." Wengine wote nikawafanyia vivyo hivyo. Walinilipa kwa maharage na kuku.

Mvua zikanyesha, plau zikaingia shambani, na ndimi zikakata udongo kama mwaka uliopita. Zingeachaje? Wakaja kunishukuru. "Konstantini ni fundi kweli, kazi yake inadumu na haina damu." Jovita alisikia sifa hizo hospitali, na jioni akaniita fundi. Nilikula, lakini kila aliponisifu mtu niliona mistari ya Xavery chini ya masizi. Umewahi kuvaa shati la mtu usiyempenda, halafu kila unayekutana naye akakwambia limekukaa? Nilimwonea wivu wakati amenipita, nikamwonea zaidi wakati amelala chini yangu.

Januari ikafika na mtu mwenye akili akauliza swali. Sijui alikuwa nani, na pengine hakuwa na ubaya. Ulimi wa Xavery ulidumu kwa sababu ya damu, sivyo? Basi huu wa Konstantini unadumu kwa sababu ya nini? Na mke wake anafanya kazi wapi?

Jovita alirudi siku ile na kanga imelowa machozi. Wazazi wodini walikuwa wanaficha mikono yao chini ya shuka anapopita. Mmoja alikuwa ameondoka na uchungu wake, akarudi nyumbani. "Wanasema wewe ndiye uliyewaambia plasma ni damu, na kwamba uliyasikia kwangu," alisema. "Baba Ombeni, uliwaambia?"

Niliitazama sahani. Mchimba kaburi huingia mwenyewe, wanasema, lakini mimi nilikuwa nimelichimba akatangulia mke wangu.

Wiki ile ile, asubuhi, ukaja ujumbe kutoka Bonga. Romana, mke wa Severine, kaka yake Jovita, alikuwa na uchungu tangu jana na mtoto hashuki. Tulikwenda mbio. Mama mkwe alitukuta mlangoni, akamshika Jovita bega. "Mwanangu, usiingie," alisema huku analia. "Hataki umguse. Hataki hospitali. Anasema bora afie hapa kuliko kwenda kunyonywa damu kwa ajili ya plau."

Severine alisimama uani na mkokoteni umeshafungwa ng'ombe, hajui la kufanya. Mzee Aniceti alikaa karibu na plau yake. Ndani Romana alipiga kelele, sauti ikapanda, ikakatika.

"Mama, mtoto amekaa vibaya, kwa jinsi ninavyosikia," Jovita alisema. "Akifika jioni hivi tutampoteza, na mtoto pia. Mwambieni." Wakaenda kumwambia. Alikataa. Jovita akanigeukia. 

Nilijua la kufanya tangu nilipoingia uani. Na ni aibu kusema hivi, lakini nilisimama pale nikihesabu nitakachopoteza. Nikisema, Xavery atarudishiwa wateja, atarudishiwa jina, atarudishiwa na mistari yake. Mwanamke anakufa ndani, mimi nje nafikiria nani ataitwa fundi. Romana akalia tena, safari hii kidogo tu, kama mtu aliyechoka.

Nikachota mchanga, nikachukua kitambaa, nikapiga magoti mbele ya plau ya baba mkwe. Nikaupindua ulimi, nikasugua. Udongo ulioganda ukatoka pamoja na mabaki ya masizi. Mistari ikaonekana.

"Baba, hii mistari ni ya nani?"

Mzee Aniceti akainama. Alikuwa mkulima, si fundi, lakini alijua plau yake. "Hii ni ya Xavery," alisema. "Si ulisema umeitoa?"

"Sikuitoa. Nilishindwa." Nikapandisha sauti ili ifike ndani. "Romana! Unanisikia? Ndimi zote zilizolima msimu huu ni kazi ya Xavery. Mimi sikuweza kuzikwaruza. Nilizipaka masizi nikawadanganya. Jovita hakunipa damu ya mtu yeyote, kwa sababu mimi sikufanya kazi yoyote!"

"Na Xavery?" Severine akauliza. "Yeye damu aliitoa wapi?"

"Hakuna damu. Nilijua hakuna, nikawaacha muamini."

"Lakini plasma…"

"Plasma yake ni moto!" nikasema. Nikawaeleza. Gesi inapitishwa kwenye umeme ndani ya tundu dogo, inageuka moto mwembamba kama sindano, unga wa chuma kigumu unamiminwa humo, unayeyuka, unatandikwa juu ya chuma laini. Mashine hiyo haiko hapa, Xavery anafanya kwa vijiti, na anavika upande mmoja kwa sababu ya jino la panya. Niliwaonyesha upande wa juu ulivyolika na wa chini ulivyobaki, na makali yaliyotoka katikati yao bila mtu kuyanoa. Nilieleza vizuri. Nilipiga magoti kwenye mchanga nikamsifu mtu ninayemchukia, na sikukosea hata neno.

 Kisha sauti ya Romana ikatoka ndani, imekauka. "Konstantini. Apa kwa Ombeni wako."

"Naapa kwa Ombeni wangu."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

Ningeweza kusema shetani. Watu wengi humsingizia. "Wivu," nikasema.

Walimtoa wakamlaza mkokotenini juu ya majani ya mahindi, Jovita akapanda, akamshika mkono. Romana hakuuondoa. Mimi nilitembea nyuma ya gurudumu njia nzima mpaka mjini. Alijifungua alasiri, mtoto wa kike, wakamwita Natalia. Madaktari walimwongezea mama maji kwa mshipa, na alipoona chupa aliuliza kwanza kilichomo, wakamjibu ni maji ya chumvi.

Habari ilifika Maisaka kabla yangu. Nilimkuta Xavery anamwaga mafuta kwenye jenereta, na wateja watatu wameshapanga foleni. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Kwa kweli nilitaka anipige, ningepata cha kumlaumu.

Alinitazama sana. "Wameniambia ulivyowaeleza," alisema. "Gesi, tundu, sindano, unga, panya. Neno kwa neno." Akafuta mikono. "Siku ile ya sherehe wote walikuwa wanakunywa. Kumbe mtu mmoja alikuwa ananisikiliza."

Akanipa miwani yake ya kuchomelea nishike, kama zamani, akainama kuwasha mashine.  Niliiweka miwani juu ya sanduku nikaondoka.

Siku hizi tumezeeka wote. Jovita hakunigombeza hata siku moja, na kule wodini walirudi kumpa mikono yao. Ila jioni zingine anaingia jikoni anasema kwamba mlango umelegea, au kitanda kinalia, lazima tumwite fundi. Namuuliza fundi yupi. Anaendelea kukoroga mboga yake.